Moyo kwenye Glasi

Kwa Kinubi, lugha ya nyumbani kwetu Kibos, maji huitwa moyo. Sikuona ajabu yoyote katika neno hilo mpaka siku nilipoliacha limwangushe mdogo wangu.

Alikuwa msichana wa miaka minane. Hakuvumilia kuguswa kichwa. Wageni walipokuja alivipanga viatu vyao mlangoni kuanzia kikubwa hadi kidogo, na aliyeondoka mapema akavuruga mstari alituachia kilio cha saa nzima. Maneno yake yalikuwa machache, na yote aliyapata mgongoni mwa nyanya, kwa Kinubi.

Katikati ya miaka ya themanini Mama akasikia kwamba shule moja mjini Kisumu imefungua darasa la watoto wa namna yake. Lakini lazima mtoto apimwe kwanza. Kiswahili cha maofisini kilimpiga chenga Mama, kwa hiyo niliingia mimi, msichana wa miaka kumi na mitatu. Yeye akabaki nje kwenye benchi, midomo ikisoma dua.

Ndani kulikuwa na mwalimu mpimaji aliyetoka Nairobi, na karani. Karani nilimtambua mara moja: alikuwa mama ya rafiki yangu niliyeketi naye dawati moja. Shuleni nilikuwa nimedanganya kwamba sisi ni watu wa Mombasa. Mnubi aliambiwa arudi Sudan, hata kama nyanya ya mama yake amezikwa Kibos.

Mwalimu akainua picha ya glasi ya maji. "Hii ni nini?"

"Moyo," akasema mdogo wangu, akitazama sakafu.

"Hapana, mama. Hii hapa."

"Moyo."

Karani akacheka. "Aai, Mwalimu! Leo glasi imepata moyo. Kesho sahani itaomba maini."

Nami nikacheka. Kicheko changu ndicho kilichomfanya mtoto ainue uso, akanitazama mimi tu.

Picha iliyofuata ilikuwa ya ziwa. Akafikiri, akasema polepole: "Moyo kebir." Maji makubwa. Hakuna aliyemfundisha; aliunga maneno mawili mwenyewe, pale pale, na mimi peke yangu ndimi niliyeelewa.

Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Aliweka kalamu chini, akanigeukia. "Labda ni lugha yenu. Nyumbani mnaongea nini?"

Karani naye alikuwa ananitazama.

"Kiswahili tu," nikasema. "Hatuna lugha nyingine."

Kalamu ikarudi kazini. Mwalimu aliandika kwamba mtoto hatambui vitu vya kawaida, kisha akaandika kwamba hamtazami mtu usoni. Kwetu, binti akimkodolea macho mkubwa hukemewa. Hilo pia sikulisema.

Nje Mama aliniuliza, "Amejibu?"

"Hakujibu, Mama."

Darasa hakupata. Mimi niliendelea na shule hadi chuo, nikajifunza kuandika sentensi nzuri. Yeye alibaki uani, na kila nilipokuja likizo alinipokea viatu vyangu, akavitafutia nafasi yao katika mstari.

Miaka ya tisini ilikuwa inakaribia kwisha nilipomwambia Mama ukweli wa siku ile. Alikuwa anachambua mchele. Nilingoja anilaani, na kusema kweli nilitaka anilaani.

"Kwa hiyo alijibu?" akauliza.

"Alijibu yote, Mama."

"Yote?" Uso wake ukafunguka kwa furaha ambayo sikuweza kuitazama. Akaweka ungo chini, akaanza kujifunga leso. "Twende tukawaambie."

"Mama, darasa lile ni la watoto. Yeye sasa ni mtu mzima."

"Sisemi wamchukue. Waandike tu kwamba alijibu."

Tukaenda. Chumba kile kilikuwa kimegeuzwa stoo ya madawati makuukuu ya kuuzwa, na hapakuwa na mtu ila mlinzi, mzee mwenye rungu kwapani. Mama akamsimulia yeye, kwa Kinubi, neno kwa neno, nami nikatafsiri bila kuruka kitu, hata kicheko changu. Mlinzi alivua kofia akasikiliza mpaka mwisho.

"Pole sana, Mama," akasema. Kisha akatuuliza tumekuja kuchukua madawati mangapi.