Kitako cha Bakuli

Juzi nilipita karibu na karakana moja hapa Arua, harufu ya mvule uliotoka kukerezwa ikanisimamisha. Nikamkumbuka Baba ameinama kwenye mashine yake ya kukereza, vumbi la mbao limejaa kwenye nyusi.

Tulikuwa tukikaa Koboko. Mama alikuwa amegombana naye, akarudi kwao Lobule. Baba hakujua kuomba radhi kwa maneno. Alikereza bakuli, akalipaka mafuta ya simsim mpaka likang'aa, akanipakia kwenye baiskeli, tukaenda ukweni.

Mama alilipokea. Alipitisha kidole kwenye ukingo wake, kisha akaligeuza.

"Kitako yake iko kubwa," akasema. "Juu iko nzuri, lakini chini iko kama mguu ya tembo."

Bibi alificha kicheko kwenye kanga. Mimi nilidhani Baba atakasirika.

"Nipunguze wapi?" akauliza taratibu.

"Nitaonyesha wewe namna gani huku? Mashine iko kwako."

"Iko kwetu," Baba akasema.

Jioni tulirudi watatu, mimi mbele, Mama nyuma kwenye keria. Baba aliwasha mashine kabla hata ya kunywa maji, Mama akasimama ubavuni pake. Kitako kikapungua kidogo kidogo, na lile bakuli zito likaanza kuonekana jepesi.

"Hapo," Mama akasema. "Acha."

Mashine ikanyamaza. Mama akaingia jikoni, tukamsikia akiuliza nani amehamisha mwiko wake.