Mti wa Langoni kwa Mjane

Miaka ya sitini ilipokuwa ikiisha nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Gesima, na pia mzee wa kanisa, ingawa sikuwa nimefika miaka thelathini na mitano. Kwa kuwa nilifundisha habari za mimea, watu waliniletea majani: hili ni dawa ya ng'ombe, au ni sumu? Nilijibu upesi. Sikumbuki hata mara moja niliyosema, "Sijui."

Jirani yetu mmoja alikuwa mjane. Mumewe alikuwa mtunza bustani katika nyumba ya meneja wa chai kule Kericho, na likizo yake ya mwisho alikuja na kijiti kilichofungwa gunia lililoloweshwa, akakichomeka langoni. Alirudi kazini, akafia huko. Kijiti kikashika, kikawa mti uliopita paa la nyumba, lakini ulikuwa haujatoa hata ua moja.

Siku moja baada ya ibada mtu aliniletea tawi la mti huo, limenyauka. Kila kikonyo kilikuwa na majani matatu, na tawi lilikuwa na miiba. Kwetu hata mtoto anajua kwamba miiba na majani matatu ni omotembe, mti ambao wazee wetu waliuapia walipogombania mipaka na ng'ombe. Sisi tuliobatizwa tulikuwa tumeviacha viapo hivyo.

"Ni omotembe," nikasema, tena kwa sauti.

Wiki iliyofuata sisi wazee wa kanisa tuliamua: mjane aukate, au asikaribie Meza ya Bwana.

Mama yule alitukuta nje ya kanisa, ana tawi bichi mkononi.

"Mwalimu, mimi sikusoma. Lakini hebu angalia vizuri. Omotembe wa huku una mistari hii?"

Nikaangalia. Mishipa ya jani ilikuwa ya manjano, kama iliyochorwa kwa brashi, na jani lenyewe lilikuwa laini. La omotembe lina manyoya yanayokwaruza kidole. Papo hapo nikakumbuka mti kama huo niliouona mbele ya ofisi moja mjini Kisii, umepandwa kwa urembo tu. Nilijua nimekosea, na maneno ya kusema hivyo yalikuwa mafupi.

Mzee mwenzangu akanitangulia. "Mama, ng'ombe ukimpaka chokaa atakuwa mbuzi?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka.

"Uamuzi umeshatolewa, mama," nikasema.

Aliukata mwenyewe. Nilisikia panga nikiwa nyumbani nasahihisha madaftari, pigo baada ya pigo, na muda wa kukimbia kumzuia ulikuwepo. Sikuinuka. Siku ya Meza ya Bwana aliketi benchi la mbele, na mkate aliuchukua kwenye sahani niliyoishika mimi.

Nilivumilia mwezi mzima, kisha nikaenda kwake. Alikuwa akimenya ndizi. Nikamwambia yote.

"Nilijua unajua," akasema, kisu hakijasimama. "Ulicheka ukitazama chini. Sasa, mwalimu, nenda ukawaambie wale mliocheka nao."

Niliahidi. Nikawaambia wazee watatu, mlango ukiwa umefungwa. Wakasema jambo lenyewe limeshapita, tusiwatikise waumini. Nikakubali kwa wepesi ambao mpaka leo unanichoma. Mbele ya kanisa sikusema kitu. Watoto njiani waliendelea kumwita Mama Omotembe, na baadhi yao walikuwa wanafunzi wangu.

Yeye alinisalimu kila siku ya ibada kwa mikono miwili, miaka yote, mpaka miguu yake iliposhindwa kumfikisha kanisani. Namshukuru Mungu kwa salamu zile. Kila nilipozipokea nilijua bado ananingoja niseme, na sikusema.