Namba Iliyohamia Likoni

Sifa na shukrani zimrudie Mungu, ambaye hachelewi ingawa sisi twamwona amechelewa, aliyenipa pumzi asubuhi ya leo na macho ya kuona uzi ukipita kwenye tundu la sindano. Namtaja Yeye kabla sijataja jambo langu, kwa sababu habari hii ni ya kusubiri, na kusubiri bila Yeye kungenitia uchungu.

Nilifanya kazi miaka kumi na minane katika kiwanda cha maturubai kule Changamwe. Kazi yangu ilikuwa kushona kingo na kutia zile pete za chuma ambamo kamba hupita lori linapofunikwa. Cherehani yangu ilikuwa nyeusi, nzito, na kanyagio lake mguu wangu ulilijua kama unavyozijua ngazi za kanisa letu. Kisha kiwanda kikafungwa. Hapakuwa na ugomvi. Kazi ilipungua mwaka hadi mwaka, mpaka siku moja meneja akatukusanya uani akatuambia kwamba mwisho wa mwezi ufuatao jengo lingerudishwa kwa mwenyewe. Mashine zingeuzwa, na fundi aliyetaka ile aliyoizoea angepewa nafasi ya kwanza, mradi alipe kabla ya siku hiyo.

Nikaomba yangu. Nilikwisha kuiona mawazoni ikiwa chini ya kibanda hapa Mikindani, kando ya barabara kuu, malori yakisimama na madereva wakishusha maturubai yaliyochanika. Mtu wa umri wangu haajiriwi tena. Bila cherehani ile ningebaki kumtegemea binti yangu, naye ana mzigo wake. Na pesa za kuinunua nilikuwa nazo, ila hazikuwa mkononi. Miaka yote tulikatwa mchango wa mfuko wa akiba, na anayepoteza kazi akiwa na umri kama wangu huruhusiwa kudai akiba yake. Zamani ulikwenda ofisini, ukajaza fomu, karani akagonga muhuri. Sasa tukaambiwa madai yote ni kwa tovuti.

Hapa kwetu kuna mama mwenye saiba, duka la kompyuta za mtandao, mjane, ambaye zamani alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja mjini. Ulimi wake ni mkali lakini mikono yake ni ya huruma. Siku ya kwanza alinifungulia ile tovuti, na katikati ya kioo kikatokea kigurudumu. Kikazunguka. Alihudumia watu watatu, akanywa chai, nacho kikawa bado kinazunguka. Siku ya pili ukurasa ulifunguka, tukajaza jina, namba ya kitambulisho na jina la kiwanda, na tulipobonyeza ikatutoa nje ikisema muda umekwisha. Siku ya tatu niliingia na Biblia kwapani, maana nilikuwa njiani kwenda kumwona mgonjwa. Akanitazama juu ya miwani.

"Leo umekuja na silaha, mzee. Labda mtandao utaogopa."

Haukuogopa. Wiki mbili zilipita hivyo. Nilijifunza kukaa katika saiba ile kama ninavyokaa kwenye foleni ya maji, nikisoma sura moja, nikiinua macho, nikisoma nyingine. Hata wateja wakanizoea.

Alhamisi moja tovuti ikafunguka yote. Tukajaza kila kitu mpaka mwisho, ikajibu kwamba imetuma namba ya siri kwenye simu yangu, niiingize kabla ya dakika tano kwisha. Nikaitoa simu nikaiweka mezani. Tukaitazama wote wawili. Haikulia. Mama akasogea karibu na kioo, akanisomea tarakimu za mwisho za simu iliyotumiwa ujumbe, nami nikazitambua. Ilikuwa namba ya marehemu mke wangu.

Kosa lilikuwa langu, la siku nyingi. Tulipoandikishwa katika ule mfuko, nyumba yetu ilikuwa na simu moja tu, nayo ilikaa kwa mke wangu kwa kuwa ndiye aliyeongoza maombi ya akina mama na watu walimpigia wakati wowote. Karani aliponiuliza namba, nilimtajia hiyo bila kufikiri. Mke wangu alifariki miaka minne iliyopita. Tulipomaliza matanga, vitu vyake viligawanywa kama ilivyo desturi: leso kwa dada zake, sufuria kubwa kwa binti yetu, simu kwa mpwa wake. Laini hakuna aliyeitaka. Niliichukua nikaitia ndani ya Biblia, kwenye Zaburi, nikaiacha humo. Sikuitia pesa wala sikumpigia mtu kwayo. Nilidhani naitunza. Kumbe laini isiyotumika hufa. Nilipoipeleka dukani niliambiwa kwamba namba ile ilikwisha kuuzwa upya, na ina mwenyewe mwingine.

Nikaenda ofisi ya mfuko. Karani alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo ni sadaka. Alinieleza kwamba ombi la kubadilisha namba hupelekwa Nairobi, na maombi yamerundikana huko. Pengine miezi miwili, pengine mitatu. Njia ya haraka ni kuibadilisha mwenyewe ndani ya tovuti. Lakini tovuti haikuruhusu kuingia bila namba ya siri, na namba ya siri ilikwenda kwenye laini ya zamani. Alilisema hilo kwa huruma, kama mtu anayemweleza mgonjwa, nami nikamshukuru nikatoka. Siku ya kulipia cherehani ilikuwa imebakiza wiki mbili.

Jioni hiyo nikapiga namba ya mke wangu. Vidole viliijua, havikuniuliza. Ilipoanza kulia nilijikuta nimesimama. Aliitika mwanamke ambaye sauti yake haikufanana na ya mke wangu hata kidogo, nami nikamshukuru Mungu kwa hilo. Nikamweleza habari yangu haraka haraka, mfuko, tovuti, marehemu, nikamwomba ujumbe ukiingia anitumie zile tarakimu. 

"Baba, mie namba za siri sitoi," akasema. "Juzi simu yangu ililetewa namba bila kuomba, nikajua ni nyinyi matapeli. Leo mmemtafuta mzee mwenye sauti nzuri."

Akakata.

Sikukasirika, na nitaeleza kwa nini. Jumapili mbili kabla ya hapo ni mimi niliyesimama mbele ya kanisa nikasoma tangazo kwamba mtu akikupigia akuombe namba iliyoingia kwenye simu yako, usimpe hata akilia. Nililisoma mara mbili, kisha nikaongeza langu: hasa akilia. Mwanamke yule alikuwa amelitii tangazo langu bila kulisikia.

Nikaomba juu ya jambo hilo, na nilipokuwa nikiomba niliona kosa langu la pili. Kwetu pwani mtu haaminiwi kwa sauti. Huja, hupiga hodi, huketi, akatazamwa, akasalimu na kusalimiwa, ndipo akatoa shida yake. Mimi nilikuwa nimeanza na shida. Kesho yake nikampigia tena, safari hii kwa simu ya mama wa saiba, maana yangu hakuipokea. Nikamsalimu vizuri, nikamuuliza hali ya nyumbani kwake, na kabla hajakata nikamwambia, "Mwanangu, sikuombi namba. Naomba unipe mahali pa kuja mchana, mbele ya watu wako, unitazame. Ukiona ni mwongo, uite polisi nami nitakaa niwasubiri."

Hakukata. Kisha akaniambia kwamba anauza mihogo ya kukaanga Likoni, si mbali na kivuko, na kwamba mjomba wake atakuwapo. "Na mjomba wangu hacheki," akaongeza.

Nilivuka siku iliyofuata na kitambulisho, barua ya kiwanda, ile laini iliyokufa, na kitabu cha ibada ya mazishi chenye picha ya mke wangu. Mjomba alikuwa mtu wa makamo yangu, amevaa kofia ya viua, ameketi kwenye kibao kando ya karai. Tulisalimiana kwa urefu, habari za watoto, habari za mvua. Akaniuliza asili yangu ni wapi. Nikamtajia, vilima vya nyuma ya Mazeras.

"Aa, watani," akasema. "Na mnazi uko wapi?"

Nikamwambia mimi ni mzee wa kanisa, sinywi tembo.

"Basi umekuja mikono mitupu, na kunywa hunywi. Mtani gani wewe?" Na yule mtu asiyecheka akacheka mpaka kofia ikamsogea.

Mpwa wake hakucheka. Alikuwa na miaka arobaini hivi, leso imefungwa kiunoni, mwiko mkononi. Alizipitia karatasi zangu moja moja, akaikazia macho ile picha. Akasema siku hizi hata tapeli ana karatasi. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Kuna bibi hunipigia kwa namba hii kila Ijumaa. Mkongwe. Aniita mwanangu. Akishanisalimu, aniuliza nini?"

Sikuhitaji kufikiri. Huyo ni shangazi wa mke wangu, ndiye aliyemlea, yuko Kaloleni, macho yamefifia na kumbukumbu imeanza kumtoka, hata msiba wetu anausahau. Siku ya arusi yetu alitupa mche wa mndimu, na tangu siku hiyo hajatoa salamu isiyokuwa na mti ule ndani yake.

"Akuuliza kama mndimu umezaa," nikasema.

Akauweka mwiko chini. Mafuta yalikuwa yakichemka na hakuna aliyeyatazama.

"Mara ya kwanza nilimwambia amekosea namba," akasema. "Akalia. Tangu hapo namwambia umezaa. Namwambia tumetia achari."

Nikamwambia hakusema uongo, kwani mwaka huu umezaa mpaka matawi yameinama. Lakini moyoni niliona haya. Tangu matanga sikuwa nimempigia shangazi yule hata mara moja. Niliogopa kilio chake. Watu wa kijijini waliponiambia kwamba yu mzima na kila Ijumaa huongea kwa simu, nilidhani ni binti yangu anayempigia. Kumbe miaka yote hiyo mgeni alikuwa akinifanyia wajibu wangu.

Mjomba ndiye aliyeamua. "Msomee mzee namba zake," akasema. "Tapeli hawezi kujua mndimu."

Nikampigia mama wa saiba aanze. Akaanza, na kigurudumu kikaanza pia. Tukasubiri. Nikaomba kisu nikamenya mihogo, maana si vizuri mgeni kukaa akitazama wengine wakifanya kazi. Ilipoadhiniwa adhuhuri, yule mwanamke na mjomba wakaenda kuswali, wakaniachia karai. Mteja mmoja akaniuliza tangu lini mihogo ya pale inauzwa na mchungaji. Nikamwambia si mchungaji, ni mzee wa kanisa tu, na mihogo haiulizi dini. Akanunua. Nilimkaangia vibaya kidogo, Mungu anisamehe.

Baada ya alasiri simu yangu ikalia. "Imefunguka," mama wa saiba akasema. "Mzee, usipumue."

Simu ya yule mwanamke ikalia papo hapo. Akajifuta mikono, akasoma tarakimu moja moja, nami nikazirudia kwenye simu yangu moja moja kama kanisa linavyoitikia zaburi.  Nilisikia feni ya saiba ikizunguka upande wa pili wa maji.

"Imekubali," mama wa saiba akasema.

Kabla ya kitu kingine akabadilisha namba ikawa yangu, ndipo akapeleka madai. Ujumbe ukaingia kwenye simu yangu mwenyewe, kwa mara ya kwanza: ombi lako limepokelewa. Mjomba alitaka kuuona, akausoma kwa sauti, akasema kwamba kupokelewa si kulipwa, lakini anayepiga hodi akaitikiwa amekwisha kufika mlangoni.

Alisema kweli. Barua ya kiwanda ilirudishwa mara moja kwa kuwa picha yake haikusomeka, tukaipiga tena juani. Siku ya kukabidhi jengo ikafika na pesa hazijafika. Nikaenda mapema, nikamsubiri meneja langoni, nikamwonyesha ule ujumbe. Aliusoma, akatazama uani ambako cherehani zilikuwa zikipakiwa, akawaambia vijana waiache yangu. Ilikaa kwenye baraza ya nyumba yake wiki tatu, imefunikwa turubai nililolishona mwenyewe. Mfuko ulipolipa, niliileta Mikindani kwa mkokoteni nikitembea nyuma yake kama anayesindikiza bibi arusi.

Sasa ipo kando ya barabara na malori husimama. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa turubai la kukingia mvua karai moja la mihogo kule Likoni. Mwenye karai alikataa kulipokea bure, tukabishana, akanilipa kwa mihogo. Namba ile sikuidai tena, ni yake. Mwezi uliopita tulikwenda naye Kaloleni na kikapu cha ndimu. Nilimweleza shangazi kweli yote, polepole, kwamba mke wangu tulimzika, na anayemjibu kila Ijumaa ni huyu. Alilia, kama nilivyoogopa, na hakufa kwa kulia. Kisha akaushika mkono wa yule mwanamke, akanusa ndimu moja, akamwambia aendelee kumpigia siku ya Ijumaa. Nami humpigia Jumapili, baada ya ibada.

Ile laini iliyokufa ingali kwenye Zaburi.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, kama kuna mlango unaoupigia hodi na hujaitikiwa, Mungu akupe miguu ya kurudi kesho na ulimi wa kusalimu kabla ya kuomba. Akuwekee mtu mwema mahali usipomtarajia, na haki yako ikufikie ungali na nguvu ya kuitumia. Amina.