Maji ya Kuoshea Tarumbeta

Tarumbeta zetu ni chache kuliko wapulizaji, kwa hiyo wanafunzi wawili hupokezana moja. Hapa shuleni kwetu Nyakuron, mmoja akimaliza hufuta kipulizio, kile kikombe kidogo cha kuwekea midomo, kwenye shati lake kisha humpa mwenzake. Kukikataa ni sawa na kukataa kula naye sahani moja. Mimi, mwalimu wao wa muziki, nimelelewa Kenya na nimerudi na mdomo mrefu. Nimeyasema sana mashati hayo, wala hakuna aliyenisikiliza.

Kisha msichana mmoja, mpulizaji wetu hodari, akaugua kifua kikuu. Alimeza dawa mpaka akamaliza, na kliniki ikamwandikia kwamba amepona, hawezi kumwambukiza mtu. Akarudi amekonda, anacheka, anauliza tarumbeta yake. Rafiki yake aliyekuwa akipokezana naye alikuwa amehamia kwenye ngoma. Mama wa rafiki huyo, anayeuza chai nje ya geti letu, alikuwa amemkataza bintiye asiiguse tena tarumbeta ile. Mama huyo alinishauri, kwa nia njema kabisa, nimimine klorini ndani ya tarumbeta hiyo. Nilikasirika. Klorini ingeila shaba, na mvuke wake ungemrudia mtoto kifuani.

Siku ya mazoezi nilimwomba mama huyo maji ya vuguvugu. Alinipa, kisha akanifuata hadi ndani, ana wasiwasi, sufuria mkononi. Nikapanga beseni, sabuni ya vyombo, miswaki mipya na vitambaa safi. Yule msichana aliyepona alipoviona akasimama mlangoni.

"Mwalimu, hii maji iko sababu yangu?"

Swali lile liliniuma. Nikachukua tarumbeta, nikapuliza vibaya mpaka darasa zima likacheka. Nikachomoa kipulizio, nikakisugua ndani na nje, nikakisuuza na kukikausha.

"Ni maji ya kila mdomo," nikamwambia. "Nimeanza na wangu."

Nikamkabidhi ibrig, lile birika la plastiki tunalowanawishia wageni kabla ya kula. Nyumbani kwetu anayelishika ni mwenyeji, na hakuna anayemwogopa. Wenzake wakaja mmoja mmoja na vipulizio vyao, akawamiminia. Wapiga klarineti niliwaonya wasiloweshe mbao za ala zao, wafute tu, na kila mtu abaki na mwanzi wake, kile kibapa chembamba cha kupulizia.

Mwishowe akapuliza yeye. Ilikuwa raha kusikia pumzi ile imerudi. Akaosha kipulizio chake bila haraka, akamnyooshea tarumbeta rafiki yake pale kwenye ngoma. Rafiki akaweka vijiti chini, akamtazama mama yake.

Mama akasogea na sufuria yake. Akaongeza maji ya moto kwenye ibrig.

"Kausha vizuri kwanza," akamwambia binti yake, "ndiyo upulize."