Mke Mwenza wa Subirini

Babu yangu Nazari ana miaka sabini na nne, ni mwenyekiti wa jumuiya kanisani, na bado kuna wanawake wanamwita Mke Mwenza mbele ya paroko. Anaitika.

Kwetu panaitwa Subirini, kitongoji cha mlimani juu ya Mbuji. Wakati wa kuhamia vijijini waliambiwa wakae na mizigo yao wasubiri lori. Lori bado halijafika, ila hatuna presha.

Sasa mwaka tisini na tano wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kupanda mpaka huku, basi wanaume wote wakahamia barabarani. Msimu wa kahawa bado kabisa, wao wamekaa kwenye gogo wanajadili nani atakuja na bei gani.

Mwezi wa tatu bibi, Ottilia, akateleza akavunjika mguu. Na huo ndio mwezi wa ngoro, yale mashimo yetu ya mteremkoni. Mwanaume anafyeka nyasi na kuzipanga miraba, mwanamke anachimba katikati na kuzifukia kwa udongo, na juu ya tuta linalotokea yanapandwa maharage. Babu alishafyeka. Mvua ikikatika kabla ya kupanda, nyumba ya watoto sita haina mboga mwaka mzima.

Wanawake walikuwa wanalimiana kwa zamu. Babu akaenda kwa kiongozi wao, Mama Gertruda.

"Dada, naomba mje kwa Ottilia."

"Ottilia hajalima kwa mtu mwaka huu. Nikija kwako, wenzangu nitawaambia nini?"

"Basi nitalima mimi kwenye nafasi yake."

"Wewe ni mwanaume, Nazari."

"Nalijua hilo."

Kesho yake akatokea na jembe la bibi. Shamba la kwanza akarusha udongo wote bondeni. Marselina, jirani yake, akachungulia lile shimo.

"Mke mwenza, hilo ni kaburi. Rudia."

Akarudia. Jina likabaki hapo hapo. Jioni akipita barabarani, kaka yake Pankras akamuuliza kutoka kwenye gogo, "Mke mwenza, mbona hujafunga kitenge?"

"Nimekifua," babu akasema, akapita.

Alilima mashamba saba ya watu. Siku ya nane ikawa zamu yetu, na mvua ikanyesha toka alfajiri. Babu akaenda shambani akaanza peke yake. Saa mbili hakuna mtu. Saa tatu wakatokea wote kumi na mmoja, wamejifunika nailoni. Gertruda akakagua mashimo yake matatu.

"Afadhali," akasema.

Mwenye shamba ndiye anayewapikia, kwa hiyo babu akapika. Ugali ulikuwa mbichi katikati, na hilo nalo linasemwa mpaka leo. Ila saa tisa maharage yote yalikuwa ardhini. Bibi alikuwa kitandani, akauliza, "Walikuja?"

"Tulikuja," babu akasema.

Kama na nyie mna baba au babu aliyepachikwa jina kwa kufanya kazi ya maana, andikeni hapa chini. Yeye hana simu, nitamsomea.