Tundu Kwenye Bomba la Profesa

Kaka yangu ni fundi vioo, na wateja wake wamempa jina la Milimita, kwa kuwa hajawahi kukata kioo kikapungua wala kikazidi. Madirisha yake hayapitishi upepo. Akiona upenyo mahali, hata kwenye nyumba alikokaribishwa chai, hatulii mpaka atie kidole na kuuliza nani aliifanya kazi hii. Ndivyo alivyo, na mimi dada yake nimemvumilia miaka hamsini.

Mwanawe wa pekee tulimwita Profesa. Alifundisha baiolojia sekondari, na sebuleni kwa wazazi wake aliweka tangi la maji ya chumvi lenye samaki mmoja tu, wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, aliyemwita Bosi. Samaki huyo alimaliza miaka tisa mle ndani. Wifi yangu, mama yake Profesa, alilalamikia unyevu na kelele za mashine, lakini kila asubuhi ndiye aliyekuwa wa kwanza kumsalimia Bosi.

Profesa alitaka kuunda tangi la pili, la chini, ndani ya kabati. Alinichorea mara tatu, maana mbili za kwanza sikuambulia kitu. Maji yashuke yenyewe kwa bomba kutoka tangi la juu, yaache uchafu chumba cha kwanza, yapite chumba cha pili chenye mwani na taa ndogo, kisha pampu iyarudishe juu kwa bomba jingine. Chumba cha mwani ndicho kilichomnogea.

"Hapa wadudu wadogo wanajificha, shangazi. Wanazaliana bila kuliwa. Wakizidi wanapanda juu, Bosi anapata chakula."

"Yaani umewajengea nyumba ya kupanga," nikamwambia, akacheka.

Alichokosa ni vioo vya baba yake. Kila alipoomba, kaka alimjibu, "Wiki ijayo." Unaijua wiki ijayo ya fundi. Hii ilidumu miezi minane, kwa sababu mteja hakai foleni na mtoto wa nyumbani anasubiri. Kisha Profesa akashikwa na homa, na siku ya sita tukamzika.

Nitasema wazi: nilimkasirikia kaka, naye alijikasirikia kuliko mimi. Majuma matatu hakugusa kikata kioo. Maji ya tangi yakageuka kijani, Bosi akawa anajibanza pembeni, hali chakula. Wifi, ambaye tangu msiba hakusema zaidi ya ndiyo na hapana, akamwambia mumewe mbele yangu, "Huyu sitaki nimzike."

Kaka aliinuka, akaingia chumbani kwa mwanawe, akatoka na mchoro na boksi la mabomba ambayo Profesa alikwisha kuyakata.

Karakanani aliubandika mchoro mezani kwa utepe wa karatasi wenye gundi, ule mpana, pembe zote nne na kingo zote, upepo usiusumbue. Mimi nilishika vioo, yeye akaunganisha kwa silikoni inayonuka siki. Alifanya kazi huku machozi yanamtoka. Tulipofika kwenye mabomba akasimama.

"Amekosea hapa. Bomba la kupandisha maji lina tundu huku juu."

"Labda alitaka liwepo."

"Tundu kwenye bomba, dada yangu? La nini?"

Akaliziba kwa silikoni, akalilainisha kwa kidole gumba taratibu. "Nimemrekebishia," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitabasamu tangu mazishi, na mimi nikamsogezea bomba jingine.

Tukasubiri wiki nzima silikoni ikauke. Tulipowasha, kila kitu kilikwenda sawa. Siku ya kumi maji yalitakata, Bosi akala. Wifi alivuta kiti akakaa mbele ya tangi, akasema kwamba leo Bosi anaringa. Nilikwenda jikoni kulia kwa furaha, bila aibu.

Mwezi haukuisha, tukasafiri sote watatu kumwona mama yake wifi, tukalala huko siku mbili. Huku nyuma umeme ulikatika. Pampu iliposimama, lile bomba la kupandisha likaanza kuyavuta maji kwenda chini, kama mpira wa kunyonyea petroli. Tangi la chini likajaa, likamwagika, maji ya chumvi yakafika kwenye waya sakafuni. Umeme uliporudi, swichi kuu ikajikata papo hapo, na pampu haikuwaka. Tulikuta zulia limelowa, na tangi la juu limebaki na maji ya kina cha kiganja tu, yamepata joto. Bosi alikuwa amelala ubavu.

Wifi alimtoa kwa bakuli, akamfunga kwenye kitambaa, akatoka naye uani peke yake.

Kaka akaenda karakanani kutafuta mwanawe alipokosea. Nilimfuata. Alibandua mchoro autazame mwangani, na ukingo uliokuwa umefunikwa na ule utepe ukatokea. Kulikuwa na mwandiko wa penseli. Alisoma, akanipa, akakaa juu ya ndoo ya rangi.

"Tundu la hewa. Umeme ukikatika, maji yashuke milimita 25 tu, hewa iingie, yasimame. Baba atadhani ni kosa, ataliziba. Siku hiyo niwe naye."

"Alinijua," kaka akasema. "Alinijua, na mimi namwambia wiki ijayo." Akalia kwa sauti.

Kesho yake alizibua tundu kwa keekee ndogo, akajaza maji ya chumvi, akamwita mkewe. Wifi akaja, akasimama mlangoni. Kaka aliwasha pampu, maji yakapanda. Kisha akachomoa waya.

Maji ya juu yakaanza kushuka. Tundu likatokeza, likavuta hewa kwa mlio mdogo, na maji yakasimama. Tulingoja robo saa nzima. Hayakushuka tena.

Kaka akachukua rula, akapima tangu yalikokuwa hadi yalipokomea. "Ishirini na tano," akasema.

Wifi akaja, akamnyang'anya rula, akapima mwenyewe.