Ulimi wa Mpunga Pori

Mpunga pori ukiwa mchanga hakuna anayeutambua kwa kuutazama juu juu. Jani ni lile lile la mpunga wetu, bua ni lile lile. Mimi hapa ni mwalimu wa biolojia. Nimechora nyasi ubaoni miaka nenda miaka rudi, mizizi yake ya nyuzi, mabua yake yenye vifundo, majani yake yanayokumbatia bua. Bado nasema, ukiwa jarubani, tope limekufika magotini, na mpunga wenyewe ulimwagwa tu bila mistari, utababaika. Nilibabaika mimi, akalipa mama yangu.

Mama alilima jaruba lake katika bonde la Ruvu, upande wa Bagamoyo, tangu sijazaliwa. Mwaka ninaousimulia alikuwa na presha ya macho, na daktari alishatuambia kwamba nuru iliyopotea hairudi. Kaka yangu, anayeishi Dar, alikuja akasema mbele yetu sote, "Mama, msimu huu nakuachia. Ukiharibika, shamba basi. Unakuja kukaa kwangu." Mama akajibu, "Inshallah hautaharibika," akaendelea kuchambua mchicha wake. Nilijua anaogopa. Mama hakuwa mtu wa kukalishwa sebuleni kwa mwanawe akapepewa na feni.

Hata na macho yale alikuwa anapalilia vizuri kunishinda, kwa sababu alipalilia kwa vidole. Alinifundisha hivi. Fuata jani mpaka pale linapoliacha bua. Hapo pana kiutando chembamba, cheupe, laini kama ganda la kitunguu. Mama alikiita ulimi. Mpunga wetu una ulimi mrefu, umechongoka, na ncha yake imegawanyika mbili. Mpunga pori una ulimi mfupi, butu, kama umekatwa kwa mkasi. "Usiangalie unene wala urefu," aliniambia. "Ule wa pori unajua kujinenepesha. Shika ulimi." Kisha akanitania kwamba ulimi mrefu mimi ninao, kwa hiyo nisishindwe kuutambua.

Wiki ya kupalilia mama akashikwa na homa, miguu ikamvimba. Akanipigia simu Zinga, ninakofundisha, akaniomba nimpalilie Jumamosi. Nikaenda, lakini nilikwenda na haraka zangu. Nilikuwa na rundo la karatasi za mtihani nyumbani, na jua lilikuwa kali. Mashina ya mwanzo nilishika ulimi mmoja mmoja, kwa adabu kabisa. Baada ya saa moja mgongo ukaanza kuniuma, nikajiambia, mwalimu mzima, hivi kweli nahitaji kupapasa? Nikaanza kuchagua kwa macho. Yaliyokuwa manene na yametoa machipukizi mengi nikayaacha. Yaliyokuwa membamba nikayang'oa, nikayatupa juu ya tuta yakauke. Adhuhuri nilikuwa nimemaliza, nikanawa miguu.

Mama aliponiuliza, "Umeshika ulimi?" nikamjibu, "Nimeshika, mama." Akasema, "Mungu akubariki, mwanangu." Nikaondoka zangu.

Mpunga pori hauishi zaidi ya msimu mmoja. Unaota na mvua, unachanua, unakufa bonde likikauka. Ndiyo maana una haraka na mbegu zake. Suke la mpunga wetu limeshikana na linainama kwa uzito. La mpunga pori linatanua matawi, punje zimekaa mbalimbali, na kila punje ina unywele mrefu kama kidole, unakwaruza ukiupitishia kiganja. Punje haingoji mundu. Ikikomaa tu inaachia, inadondoka topeni, kuanzia zile za juu, na huko topeni inalala mpaka mvua nyingine, na baadhi ya punje zinaweza kulala zaidi ya hapo. Kwa mmea ni akili. Kwa mkulima ni msiba.

Wakati wa kuvuna nilimsindikiza mama jarubani. Robo ya jaruba tu ndiyo iliyokuwa na mpunga wa kula. Kwingine masuke yalisimama matupu, na machache yaliyobaki na punje yalipukutika tulipoyagusa. Mama alipitisha mkono taratibu, punje zikamdondokea kiganjani, akazimwaga. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Kaka akaja Jumapili. Tukakaa kwenye mkeka uani, watatu tu. Hakuwa mkali, namshukuru kwa hilo. Akauliza kwa upole, "Nani alipalilia?"

Mama akageuza uso wake upande wangu. Hanioni vizuri, lakini alijua nimekaa wapi. Akakaa hivyo kimya, muda ambao naweza kuupima mpaka leo. Kuku alipita, jirani akatwanga, maji yakachemka jikoni. Mimi nikakodolea macho ukindu wa mkeka. Nilikuwa na maneno yote kinywani, na hata moja halikutoka. Nilimwogopa kaka, niliiogopa aibu, mwalimu wa nyasi niliyeshindwa na nyasi.

"Nilipalilia mwenyewe," mama akasema. "Macho yamekwisha."

Basi. Mwezi uliofuata jaruba likapewa mtu mwingine alime, na mama akahamia Dar. Anakaa pale pale alipoogopa kukalishwa, sebuleni, kwenye kochi, televisheni ikiongea na yeye hatazami. Wajukuu wanampenda, wanamlisha vizuri. Amenenepa, lakini vidole vyake havitulii, vinachezea pindo la khanga siku nzima.

Nilikaa na neno lile miaka miwili. Mwaka huu nikaenda, nikamkuta peke yake. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, nikakaa chini miguuni pake. Nikamwambia yote: haraka yangu, mashina manene, uongo wangu. Nililia, sikujizuia.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua," akasema. "Nilipopona nilikwenda jarubani, nikayapapasa uliyoyaacha. Nikapapasa na yale yaliyokauka juu ya tuta. Mpunga wetu ulikuwa huko."

"Sasa mama, mbona hukumwambia kaka? Ungebaki na shamba lako."

Akanipapasa uso, akanifuta machozi kwa pindo la khanga.

"Alipouliza, nilinyamaza kwanza," akasema. "Nilikuwa nakupisha useme wewe."